Jinsi ya Kufuatilia Intaneti ya Ofisi Bila Kumvua Mtu Nguo

Mwongozo huu ni wa bosi aliyehudhuria maonesho ya teknolojia hivi karibuni, akaoneshwa programu inayomwezesha kuona skrini za wafanyakazi wake wote akiwa ameketi kitini pake, na tangu siku hiyo hapati usingizi kwa hamu. Programu hizo zipo na zinafanya kile kinachotangazwa. Zinapiga picha ya skrini kila baada ya dakika chache, zinahesabu vitufe vilivyobonyezwa, zinaorodhesha kila tovuti iliyofunguliwa na dakika zilizotumika humo, na nyingine zinanakili hata maneno yaliyoandikwa yakafutwa kabla ya kutumwa. Kuzifunga kwenye kompyuta ni kazi ya asubuhi moja. Kigumu ni kuzitumia kwa namna ambayo kesho yake bado utaweza kumtazama mhasibu wako usoni, na keshokutwa bado utaweza kuijibu barua ya wakili wake.

Sina ugomvi na bosi anayelinda mali yake. Kompyuta ni za kampuni, intaneti inalipiwa na kampuni, na mgonjwa aliyeacha taarifa zake hospitali anategemea kwamba kuna mtu anayeangalia nani analifungua faili lake. Mfanyakazi mmoja akibofya kiungo kibaya kwenye barua pepe, ofisi nzima inaweza kuamka mafaili yake yamefungwa na wahalifu wanaodai fedha. Ulinzi unahitajika. Ninachokikataa ni ile dhana kwamba mtu akiingia kazini saa mbili asubuhi ameuacha utu wake kwa mlinzi wa getini, na atauchukua saa kumi na moja jioni akitoka.

Kwanza, taja unachokitafuta

Chukua karatasi. Andika sentensi moja inayoeleza ni balaa gani unataka kulizuia. Usimwite fundi, usimpigie muuzaji, andika kwanza.

Kama sentensi yako inasema orodha ya wateja inavuja, dawa yake ni kupunguza idadi ya watu wanaoweza kuifungua orodha hiyo na kuweka kumbukumbu ya kila anayeipakua. Kama inasema kuna barua pepe za kitapeli zinazojifanya zimetoka kwa mkurugenzi na kuagiza malipo ya haraka, dawa ni kichujio cha barua pepe, mafunzo, na kanuni kwamba hakuna malipo yanayotoka bila mtu wa pili kuthibitisha kwa simu. Kama inasema intaneti inakwama kila Jumatano usiku zamu ya usiku ikiwa kazini na mechi za Ulaya zinaendelea, zuia tovuti za kutazama mpira au zipunguzie kasi. Hakuna haja ya kujua nani anaishabikia timu gani. Kati ya hayo yote, hakuna hata moja linalokulazimu kusoma mazungumzo ya mtu.

Lakini kama sentensi imetoka hivi: "Nataka kujua wanafanya nini," ichane uanze upya. Huo ni udadisi, na ukiuendekeza utaishia kwenye umbea unaolipiwa kwa fedha za kampuni. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, zinakubaliana katika jambo hili: taarifa za mtu hukusanywa kwa lengo lililotajwa, na hazikusanywi zaidi ya lengo hilo. Karatasi yako ile ndiyo utakayoulizwa siku mambo yakiharibika.

Jua kinachoonekana

Mabosi wengi hununua programu ya upelelezi bila kujua kwamba mtandao wao tayari unajua mengi. Mfanyakazi akifungua tovuti ambayo mawasiliano yake yamesimbwa, kama zilivyo karibu zote siku hizi, vifaa vya mtandao wa ofisi kwa kawaida huona jina la tovuti, saa iliyofunguliwa na kiasi cha data kilichopita. Havioni alichosoma wala alichoandika. Kwa ulinzi wa kila siku hiyo inatosha. Ukijua kwamba kompyuta ya mapokezi imetuma gigabaiti 20 nje ya ofisi saa nane usiku, una sababu nzuri ya kuuliza, na hujasoma barua ya mtu yeyote.

Ipo hatua ya pili, na hapo ndipo pa kusimama ukafikiri. Kampuni inaweza kuweka cheti chake cha usalama ndani ya kila kompyuta, ili mawasiliano yaliyosimbwa yafunguliwe njiani, yakaguliwe, kisha yasimbwe upya na kuendelea na safari. Wapo wanaofanya hivyo kwa sababu za msingi, kutafuta virusi na nyaraka za siri zinazotoroshwa. Ila ukishaifungua njia hiyo, umejipa pia uwezo wa kuona nywila ya benki ya mfanyakazi, majibu ya vipimo aliyotumiwa na hospitali, na maombi ya kazi anayoyapeleka kwingine. Ukilazimika kuifungua, ziache nje tovuti za benki, za afya na za vyama vya wafanyakazi. Vifaa vya ukaguzi huo kwa kawaida vina sehemu ya kuziondoa. Mwagize fundi wako aitumie, na akuoneshe kwamba ameitumia.

Hatua ya tatu ni programu inayokaa ndani ya kompyuta yenyewe. Usimbaji hauizuii, kwa sababu inapiga picha ya kile kinachoonekana kwa macho. Mfanyakazi aliyefungua WhatsApp kwenye kompyuta ya ofisi ili atume ankara kwa mteja atapigwa picha pamoja na ujumbe wa mama yake uliojitokeza pembeni, mama anayeeleza maradhi yake. Na huyo mama hukumwajiri, hakusaini sera yako, wala hajui kwamba upo. Watetezi wa programu hizi hawampi nafasi kabisa, na mimi naona ndiye anayestahili kufikiriwa wa kwanza.

Soma kesi ya Bucharest

Kama una muda wa kusoma kesi moja tu kuhusu jambo hili, soma ya Bogdan Bărbulescu. Alikuwa mhandisi aliyesimamia mauzo katika kampuni binafsi jijini Bucharest, Romania. Kampuni ilimtaka afungue akaunti ya Yahoo Messenger kwa ajili ya kujibu maswali ya wateja. Kanuni za ofisi zilikataza kutumia kompyuta, simu na mashine ya kunakili kwa mambo binafsi, na mwezi Julai 2007 ulipitishwa waraka ukieleza kwamba mfanyakazi mwingine alikuwa ameachishwa kazi kwa kosa hilo.

Tarehe 13 Julai akaitwa. Akaambiwa mawasiliano yake yamefuatiliwa kwa siku kadhaa na yanaonesha ametumia intaneti kwa mambo yake. Akajibu kwa maandishi kwamba ameitumia kwa kazi tu. Ndipo akapewa kurasa 45 za mazungumzo yake, neno kwa neno, aliyofanya na ndugu yake na mchumba wake, mengine yakigusa afya yake na mambo ya chumbani. Tarehe 1 Agosti mkataba wake ukavunjwa.

Hapa najua bosi anayesoma anatabasamu: alikatazwa, akafanya, akadanganya, ushahidi upo, faili lifungwe. Mahakama za Romania ziliona hivyohivyo. Hata Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, ilipotoa uamuzi wa kwanza mwezi Januari 2016, ilisema hakuna haki iliyovunjwa. Lakini Baraza Kuu la mahakama hiyohiyo liliugeuza uamuzi huo tarehe 5 Septemba 2017, kwa kura 11 dhidi ya 6.

Kilichowageuza ni hiki. Bărbulescu alijua amekatazwa. Ambacho mahakama za kwao hazikukichunguza ni kama aliambiwa, tena kabla, kwamba kampuni ingefuatilia mawasiliano yake, kwa kiwango gani, na kwamba ingeweza kuyasoma yenyewe. Kumkataza mtu jambo ni kitu kimoja. Kumjulisha kwamba unasoma anachoandika ni kingine, na cha kwanza hakikupi ruhusa ya cha pili. Majaji walisema pia kwamba maagizo ya mwajiri hayawezi kuyafuta kabisa maisha ya kijamii ya mtu awapo kazini. Haki ya faragha inaweza kupunguzwa pale inapobidi, lakini inabaki kuwapo.

Wakaacha maswali ambayo ningependa yabandikwe ukutani katika kila chumba cha seva. Je, mfanyakazi aliarifiwa kabla? Ufuatiliaji uliishia kwenye mtiririko wa mawasiliano, au ulifika kwenye maneno yenyewe, na ulidumu kwa muda gani, na wangapi waliuona? Kulikuwa na sababu ya haki, na kwa kusoma maneno, sababu nzito zaidi? Hakukuwa na njia nyepesi ya kupata jibu lilelile? Matokeo yalitumiwa kufanyia nini? Na kulikuwa na kinga gani ya kumzuia mwajiri asisome kabla ya kuarifu?

Swali la njia nyepesi ndilo ninalolishikilia kuliko yote. Kampuni ile ilitaka kujua kama mtu wake anatumia saa za kazi kwa mambo yake. Kwa hilo ingetosha kuona kwamba akaunti ya wateja inazungumza na watu wasio wateja, na kwa muda gani. Kurasa 45 zilikuwa za nini? Kuna mtu alizikusanya, akazipitia, akazichapa. Mtu huyo naye alikuwa kazini siku hiyo, analipwa mshahara, anasoma mapenzi ya watu.

Na usidhani kwamba ukikaa mbali na maneno umesalimika moja kwa moja. Miaka kumi kabla ya hukumu hiyo ya 2017, mahakama ileile iliamua kesi ya Lynette Copland, aliyefanya kazi katika Chuo cha Carmarthenshire huko Wales. Chuo kilichunguza simu alizopiga, tovuti alizotembelea na anwani za barua pepe alizowasiliana nazo, na serikali ya Uingereza ikajitetea kwamba yaliyomo hayakusomwa. Utetezi huo haukumwokoa mtu. Kwa kuwa hakuarifiwa, na hakukuwa na sheria iliyoruhusu, haki yake ilikuwa imevunjwa.

Hukumu za mahakama hiyo ya Ulaya, iliyoko Strasbourg, hazimfungi hakimu wa Dar es Salaam wala wa Nairobi. Lakini ibara ya 16 ya Katiba ya Tanzania na ibara ya 31 ya Katiba ya Kenya zote zinalinda mawasiliano binafsi ya mtu, na nimezisoma zote mbili bila kuona mahali palipoandikwa "isipokuwa saa za kazi".

Mwambie kabla, kwa lugha anayoielewa

Mwenye macho haambiwi tazama. Ofisini geuza: anayetazamwa lazima aambiwe.

Sera ya kurasa 30 iliyoandikwa kwa Kiingereza cha mawakili, ikasainiwa siku ya kwanza ya kazi katikati ya fomu ya bima na fomu ya mfuko wa hifadhi ya jamii, haijamwambia mtu kitu. Andika ukurasa mmoja. Uandike hivi, au karibu na hivi:

"Mtandao wa ofisi unarekodi majina ya tovuti na kiasi cha data kwa kila kompyuta. Rekodi hukaa siku 90 kisha hufutwa. Wanaoweza kuziona ni wawili tu katika idara ya TEHAMA. Hatusomi barua pepe wala mazungumzo yako. Tukishuku wizi wa taarifa au kosa la jinai, kompyuta unayotumia inaweza kukaguliwa kwa idhini ya maandishi ya mkuu wa rasilimali watu na mkuu wa TEHAMA, nawe utaitwa uwepo. Unaruhusiwa kutumia intaneti kwa mambo yako wakati wa mapumziko. Ukitaka kuona rekodi zinazokuhusu, omba kwa barua pepe hii."

Huo ndio ukurasa. Ukiona kuna sentensi ambayo huthubutu kuiandika humo, kwa mfano "tunasoma WhatsApp yako kila saa nne", basi hilo ndilo jambo usilopaswa kulifanya. Sijapata kipimo kizuri kuliko hicho, na hakina gharama.

Usijifiche nyuma ya saini pia. Ridhaa inayotambuliwa na sheria ni ile ya hiari, na mtu anayehitaji mshahara wa mwisho wa mwezi ili alipe ada ya shule hana hiari kubwa mbele ya fomu ya mwajiri. Jenga ufuatiliaji wako juu ya sababu inayoweza kutetewa hata kama hakuna aliyesaini. Na kabla ya kuwasha chombo kizito, Sheria ya Kenya inakutaka ufanye tathmini ya athari zake kwa faragha pale hatari kwa haki za watu inapokuwa kubwa. Ifanye kweli, ukae na wawakilishi wa wafanyakazi mezani. Watakuonesha mambo ambayo muuzaji hakuyataja.

Utaniuliza: na kama kuna mwizi, nikishamwambia si atajificha? Ni swali la haki, na jibu lipo Uhispania. Duka moja kubwa karibu na Barcelona lilipoteza maelfu ya euro kila mwezi katika nusu ya kwanza ya mwaka 2009. Meneja akaweka kamera zinazoonekana kwenye milango, na nyingine za siri zilizoelekezwa kwenye meza za malipo. Baada ya siku kumi akawa amewapata waliohusika. Mwezi Oktoba 2019 Baraza Kuu la Strasbourg lilikubaliana na mwajiri. Angalia lakini alichokuwa nacho: hasara inayohesabika, eneo dogo ambalo wateja wote wanapita, siku kumi, na macho machache ya kuangalia picha. Kuwapeleleza watu wote, mwaka mzima, kwa kisingizio kwamba huenda mmoja wao ni mwizi, hakufanani na hilo hata kidogo.

Usipime kipanya

Ukiamua kupima kazi kwa mwendo wa kipanya, utapata mwendo wa kipanya. Vipo vifaa vidogo, vinauzwa waziwazi, vinavyosogeza kipanya peke yake ili kompyuta ionekane ina mtu. Mwaka 2024 benki ya Wells Fargo ya Marekani iliwaachisha kazi watu zaidi ya kumi na wawili baada ya kubaini kwamba walikuwa wakiigiza ubonyezaji wa kibodi. Walikosea, sikatai. Lakini ofisi iliyojua kile mtu alichotakiwa kuwa amekimaliza kufikia Ijumaa ingegundua mapema zaidi kwa kuuliza kazi iko wapi.

Benki ya Barclays ilijaribu programu ya namna hii jijini London mapema mwaka 2020. Ilihesabu muda ambao mtu alikuwa kwenye kompyuta yake na kuwatumia wafanyakazi ujumbe wa kuwakumbusha wasipumzike sana. Habari zilipotoka magazetini, benki ikaacha kufuatilia mtu mmojammoja ndani ya siku chache. Mwezi Desemba 2024 mamlaka ya Ufaransa ya ulinzi wa data ilitoza kampuni ya nyumba na viwanja faini ya euro 40,000. Programu yake ilipiga picha za skrini na kuhesabu kama "kutofanya kazi" kila kipindi ambacho kibodi na kipanya vilitulia, kuanzia dakika tatu hadi kumi na tano. Mfanyakazi aliyekuwa kwenye simu na mteja alihesabika mvivu. Aliyekuwa mkutanoni na bosi mwenyewe, mvivu pia.

Kama unahitaji takwimu, hesabu bila majina. Microsoft ilijifunza hilo kwa haraka: mwishoni mwa Novemba 2020 ililaumiwa kwa chombo chake kilichowaonesha mameneja alama za matumizi za kila mtu kwa jina, na mapema Desemba ikayaondoa majina na kubakiza hesabu za taasisi nzima. Idara ikijua kwamba watu wake wanapoteza saa nyingi kwenye mikutano ya mtandaoni, inaweza kupunguza mikutano. Jina la nani amekaa mikutano mingapi haliongezi kitu.

Nawataja hapa vijana wa Nairobi, Eldoret na Mombasa wanaouza kazi zao kwa wateja wa ng'ambo kupitia jukwaa la Upwork. Anayelipwa kwa saa huko hupigwa picha ya skrini katika kila kipande cha dakika kumi, pamoja na hesabu ya vitufe na kipanya. Ni ufuatiliaji mzito, na sishauri ofisi yoyote iuige. Ila una kitu kimoja ambacho ofisi nyingi hazina: anayefuatiliwa anaiona picha ileile anayoiona mteja, na anaweza kuifuta, akikubali kupoteza malipo ya kipande hicho. Basi kama ni lazima uangalie, mpe mfanyakazi dirisha lilelile. Kila unachokiona kumhusu, naye akione, siku hiyohiyo.

Ulichokikusanya kitamwagika

H&M, kampuni ya mavazi, ilikuwa na kituo cha huduma mjini Nuremberg, Ujerumani. Kwa miaka, mameneja waliandika maelezo ya kila mfanyakazi: alikwenda wapi likizo, alipougua alikutwa na ugonjwa gani, matatizo ya nyumbani kwake, hata imani yake ya dini. Mengine yalipatikana katika mazungumzo ya kirafiki ya "karibu tena" mtu anaporudi kazini, mengine kwa porojo za ukumbini. Yakahifadhiwa kwenye mfumo, mameneja hadi hamsini wakiweza kuyafungua. Mwezi Oktoba 2019, kwa kosa la mpangilio wa kompyuta, maelezo hayo yakaonekana na kampuni nzima kwa saa kadhaa. Mwaka uliofuata mamlaka ya ulinzi wa data ya Hamburg ikaitoza kampuni faini ya euro milioni 35.3.

Fikiria sasa folda yako ya picha za skrini. Ndani yake kuna nywila, salio la benki, majina ya dawa, picha za watoto. Anayeifungua ni kijana mmoja wa TEHAMA, ambaye naye ni binadamu na ana marafiki. Folda hiyo ikivuja, wewe uliyeijaza ndiye utakayejibu. Nchini Kenya una saa 72 tu za kumwarifu Kamishna wa Data pale uvujaji unapohatarisha watu. Kwa hiyo kusanya kidogo, weka tarehe ya kufuta, na ifute tarehe hiyo ikifika. Fungua pia daftari la kurekodi kila anayeingia kwenye rekodi hizo na sababu yake. Anayefuatilia naye afuatiliwe. Kama ni jambo jema kwa karani, ni jambo jema kwa meneja.

Simu ni yake

Kwetu jambo hili mara nyingi halipo kwenye kompyuta kabisa. Lipo kwenye simu, tena simu ya mfanyakazi mwenyewe, yenye bando alilojinunulia, ambayo ofisi imeigeuza kuwa ofisi. Maagizo yanakuja kwenye kikundi cha WhatsApp. Ripoti inatumwa humo, picha za mzigo humo, na saa tatu usiku bosi anaangalia nani ameona ujumbe wake na hajajibu.

Ukitaka kudhibiti kifaa, nunua kifaa. Ukishindwa kununua, tumia njia inayotenganisha: simu za Android zinaweza kuwekewa eneo la kazi peke yake, lenye programu na mafaili ya ofisi, ambalo kampuni inaweza kulisimamia na kulifuta bila kugusa picha za harusi. Usimwambie mtu akupe simu yake "tuangalie kidogo". Usimfanye mwenzake akupigie picha ya mazungumzo ya kikundi ambacho wewe haumo. Na usipite kwenye hali za WhatsApp za wafanyakazi kutafuta nani alikuwa baharini siku aliyoomba ruhusa ya ugonjwa; waeleze kwamba ruhusa hiyo inahitaji cheti cha daktari, basi.

Nawe mfanyakazi, fanya sehemu yako. Mambo ya benki yako, daktari wako na mahaba yako, yafanyie kwenye simu yako kwa bando lako, hata kama Wi-Fi ya ofisi ni ya bure. Usihifadhi nywila zako kwenye kompyuta isiyo yako. Uliza kwa maandishi ofisi inarekodi nini. Sheria za Kenya na Tanzania zinakupa haki ya kujua na ya kuona taarifa zinazokuhusu, na ukinyimwa una pa kupeleka malalamiko: Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data nchini Kenya, Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi nchini Tanzania.

Ukimkamata

Itatokea. Rekodi zitaonesha mtu ametumia asubuhi nzima kwenye tovuti za kubeti, au ametuma bei za zabuni kwa mshindani. Usimsute mbele ya wenzake na usiyasambaze uliyoyaona. Muite, mpe rekodi yenyewe, mpe muda wa kujibu akiwa na mwenzake au mwakilishi wa chama. Sheria za kazi za nchi zote mbili zinataka sababu halali na utaratibu wa haki kabla ya kumwachisha mtu, na chombo cha upelelezi hakifuti lolote kati ya hayo mawili. Usiache programu iamue peke yake. Sheria ya Kenya inampa mtu haki ya kutohukumiwa na mashine tupu. Na ikiwa katika kutafuta bei za zabuni umekutana na barua ya mwanasheria wake wa talaka, ifunge. Haimo kwenye ile karatasi yako ya mwanzo.

Siku anapoondoka

Hapa ofisi nyingi huharibu baada ya kufanya vizuri miaka yote. Mtu akiacha kazi, sanduku lake la barua pepe hubaki wazi, na mrithi wake au bosi huendelea kulisoma miezi na miezi, barua za mke wake zikiwemo. Mpe siku ya kuondoa vilivyo vyake, mtu wa TEHAMA akiwa amekaa pembeni kuhakikisha mafaili ya kampuni yanabaki. Weka jibu la moja kwa moja linaloeleza kwamba hayupo tena na nani aandikiwe badala yake. Likae mwezi mmoja, kisha funga akaunti. Kompyuta isafishwe kabla haijapewa mwingine, na rekodi zake za mtandao zifutwe kwa tarehe ileile uliyoiandika kwenye ukurasa wako mmoja.